Somo: Kumuuguza kijana aliyeng'olewa jino la hekima

Binti yangu ana miaka 17, anasoma bweni. Likizo ya Desemba alirudi nyumbani shavu la kulia limejaa, mdomo haufunguki vizuri, chai anainywa kwa upande mmoja. Nilidhani jino limetoboka. Kumbe ni gego la mwisho kabisa, lile la hekima, limelala ubavu na kusukuma jirani yake, na fizi imelifunika nusu kama kifuniko. Chakula kikawa kinaingia chini ya kifuniko hicho na kuoza humo. Kwa yaliyonipata wiki ile, na maswali mliyonitumia tangu niliposimulia, nimeona niandike somo zima.

Kwanza niwatoe hofu: si kila jino la hekima hung'olewa. Huota mara nyingi kati ya miaka 17 na 25, na likiota wima, mswaki ukalifikia, linaachwa liishi. Hung'olewa lile linalovimbisha fizi mara kwa mara, lililooza au linaloharibu jino la jirani. Na likibidi kung'olewa, ujana una faida yake, maana mizizi haijakomaa, mfupa bado laini, kidonda hupona upesi kuliko cha mtu wa miaka 40.

Hatua ya 1: Kabla ya siku yenyewe

Eksirei ya taya zima ipigwe, na umwombe daktari akuonyeshe jino limekaaje. Yale ya chini hupakana na mshipa wa fahamu wa mdomo na kidevu. Uliza mizizi iko mbali nao kiasi gani. Mweleze bila kuficha kama mtoto ana pumu, selimundu, vidonda vya tumbo, aleji ya dawa yoyote, au damu yake huchelewa kukata akijikata.

Uliza pia ganzi ni ya aina gani. Kama ni sindano ya kwenye fizi tu, kijana ale ashibe na apige mswaki kabla ya kutoka, kwa sababu chakula cha maana kitakuwa mbali. Kama atalazwa usingizi, afunge kula na kunywa kama atakavyoelekezwa, na hapo msimwonee huruma hata kwa kikombe cha chai.

Nunua mapema: chumvi, unga wa uji, ndizi, maziwa mgando, dawa za maumivu alizoandika daktari. Usafiri wa kurudi uwe bajaji au gari. Bodaboda na matuta yetu haya, mtu kang'ata pamba mdomoni, hapana.

Mwambie mtoto ukweli wa kitakachotokea. Hatasikia maumivu, lakini atasikia kusukumwa, kuvutwa, na kelele, kwa kuwa fizi hupasuliwa na jino mara nyingi hukatwa vipande ndipo litoke. Wangu alisema, "Mama, ni kama fundi anapasua mbao ndani ya kichwa changu." Wakubaliane na daktari kwamba akihisi uchungu anainua mkono wa kushoto. Hilo tu lilimtuliza kuliko maneno yangu yote.

Hatua ya 2: Saa za mwanzo

Atatoka akiwa ameuma pamba. Aiume kwa nguvu nusu saa hadi dakika 45 mfululizo. Msiitoe kila baada ya dakika tano kuchungulia, maana mnapochungulia mnabandua kile kinachojaribu kuganda.

Kwenye shimo la jino huganda donge la damu. Donge hilo ni kama kigaga cha kidonda: chini yake ndipo nyama mpya inapoota. Kila katazo utakalopewa, lisikie kwa sikio hilo, kwamba donge lisitoke. Kwa hiyo siku ya kwanza hakuna kusukutua, hakuna kutema mate kwa nguvu, hakuna mrija, hakuna sigara. Mate ameze au ayaache yadondoke yenyewe. Mate yenye wekundu mwepesi ni ya kawaida hadi kesho yake. Tone moja la damu kwenye mate hufanya yote yaonekane damu.

Ganzi hukaa saa kadhaa. Wakati huo asinywe cha moto wala asijing'ate mdomo, kwa sababu hatajua. Dawa ya maumivu ya kwanza apewe kabla ganzi haijaisha, usingoje alie.

Hapa kwenye dawa nikazie. Brufen na diklopa ni ndugu wa ukoo mmoja. Kumpa zote mbili ni kumwongezea madhara ya tumbo, si nafuu. Panado inaweza kwenda pamoja na mojawapo, kwa kipimo cha daktari. Aspirini hapana, inazidisha kutoka damu. Antibayotiki apewe daktari akiandika, si kwa sababu zilibaki kabatini tangu mwaka jana.

Barafu kwa nje ya shavu, dakika 20 kuweka, dakika 20 kutoa, siku hiyo na inayofuata. Mimi nilinunua kwa jirani barafu za maji, zile za vifuko, nikazifunga kwenye kitenge. Nikaingia jikoni, nikarudi: binti ametoboa kona ya kifuko kimoja anafyonza! Kufyonza kifuko na kufyonza mrija ni mamoja, donge linavutwa vilevile. Hata barafu ya ubuyu, hata dafu kwa mrija, visubiri. Dafu limiminwe kikombeni, anywe kama uji.

Usiku alale na mito miwili, kichwa kiwe juu, na mto utandikie kanga kuukuu.

Hatua ya 3: Chumvi, mswaki, chakula

Saa 24 zikipita, anza maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, kila baada ya kula na kabla ya kulala. Asisukutue kwa kishindo. Ajaze mdomo, ainamishe kichwa huku na huku, kisha afungue mdomo juu ya beseni maji yaanguke yenyewe. Meno mengine apige mswaki kama kawaida, akikwepa kidonda.

Chakula kiwe laini na cha uvuguvugu: uji, mtori uliopoa, viazi vya kuponda, parachichi, mayai ya kuvuruga. Karanga, bisi, pilipili na dagaa wa kukaanga viondoke mezani kabisa kwa wiki hiyo. Wali si sumu, ila punje zina tabia ya kujificha shimoni.

Hatua ya 4: Siku ya tatu, ambayo hakuna aliyeniambia

Nilijiandaa kwa siku ya kung'oa. Kumbe mtihani ulikuwa siku ya tatu. Uvimbe hupanda hadi siku ya pili au ya tatu ndipo uanze kushuka. Binti aliamka shavu limekuwa andazi, taya limekaza, kidole kimoja tu ndicho kinachopita kati ya meno ya juu na ya chini. Shangazi yake alipoingia alishika kichwa: "Wifi, huyu mtoto wamemharibu!" Nikapiga simu kliniki, nikaulizwa maswali matatu: ana homa? Anameza? Maumivu yanapungua au yanaongezeka? Hakuwa na homa, alikuwa anameza, na maumivu yalikuwa yanapungua. Nikaambiwa nibadili barafu kwa kitambaa cha vuguvugu, na aanze kufungua mdomo taratibu mara kadhaa kwa siku. Siku ya tano alicheka.

Sasa yale ya kurudi hospitali. Maumivu yaliyokuwa yanapungua yakarudi kwa kishindo siku ya pili hadi ya tano, yakapanda sikioni, mdomo ukanuka, dawa hazigusi: huenda donge limetoka na mfupa uko wazi. Daktari husafisha shimo na kuweka dawa ndani, na nafuu huja haraka. Damu mbichi isiyokata hata baada ya kuuma pamba safi nusu saa, homa, usaha, au mdomo na kidevu vilivyobaki na ganzi siku ya pili, piga simu au nenda siku hiyohiyo. Uvimbe ukishuka chini ya kidevu au shingoni, akashindwa kumeza au kupumua vizuri, hata kama ni saa nane usiku, toka naye muda huohuo.

Maswali ya wanachama

*Mama wawili, Tanga: Mama mkwe anasema jino la juu likitolewa macho hupofuka. Kweli?*

Hapana, dada. Mshipa wa macho ni mwingine kabisa. Ila mizizi ya magego ya juu hukaribiana na uwazi ulio ndani ya mfupa wa shavu, unaopakana na pua. Hivyo akitolewa la juu asipenge kamasi kwa nguvu, na chafya aipige mdomo wazi. Mama mkwe mwambie kwa upole.

*Baba Junior, Mombasa: Kijana ana mechi Jumamosi, ameng'olewa Jumanne. Acheze?*

Mechi hiyo aitazame akiwa ameketi. Kukimbia mapema kunapandisha damu na kidonda kinaweza kuanza kuvuja. Mazoezi mepesi wiki ikipita bila shida. Kupigania mpira wa kichwa, mwulize daktari aliyemng'oa, hasa kama mfupa ulichongwa, maana taya huchukua wiki kadhaa kupata nguvu yake.

*Bi Mdogo, Pemba: Sisi huku tunatia karafuu. Niibandike shimoni?*

Bibi, shikamoo. Hiyo dawa ya shimo la jino mara nyingi ina mafuta ya karafuu ndani yake, kwa hiyo wazee hawakukosea mti. Lakini daktari huiweka kwa kipimo. Punje nzima ikikwama humo inaokota uchafu, na mafuta makali huunguza fizi. Tuiache kwenye pilau kwanza.

*Dada wa Dodoma: Ndani ya shimo kuna utando mweupe wenye unjano. Ni usaha?*

Kama hakuna homa, harufu mbaya wala maumivu mapya, huo ni utando wa kupona. Usiukwangue na kijiti! Usaha hutiririka na una ladha mbaya, mwenyewe ataisema.

*Mama wa bweni, Iringa: Anarudi shule siku ya sita. Kule ni ugali na maharage tu.*

Maharage yaliyoiva yanapondeka, ugali atafune upande mwingine, makande ayakwepe kwanza. Mwandikie matroni barua yenye majina ya dawa na saa za kuzitumia, na mpakie chumvi na kikombe chake. Nyuzi zinazoyeyuka hudondoka zenyewe ndani ya wiki moja au mbili, asishtuke akiona uzi kwenye maji. Shimo litabaki kama kidimbwi kwa wiki kadhaa. Daktari akiruhusu, mpe sirinji isiyo na sindano alirushie maji taratibu baada ya kula.

*Jina limehifadhiwa: Nahisi wangu anavuta shisha kwa siri. Nimwambie daktari mbele yake?*

Moshi ni adui mkubwa wa donge lile, kwa hiyo daktari anahitaji kujua. Lakini ukimsema mbele ya mtu atakana. Mimi siku ile daktari alipoanza maswali nilisema naenda kulipia dirishani, nikakaa nje dakika tano. Nilipata risiti yangu, nikarudi. Walichozungumza sijauliza mpaka leo.