Umepata C ya Anatomia: urudie, au uombe uuguzi hivyo hivyo?

Marekani hakuna sapu. Aliyesoma Dar es Salaam au Nairobi amezoea kwamba somo likikushinda unarudi kufanya ule mtihani mmoja, ukifaulu unaendelea na safari. Huku, ukitaka kuibadilisha C ya Anatomia na Fiziolojia unalisoma somo zima upya: wiki 15 au 16, maabara zote, ada nyingine. Na ile C ya mwanzo haifutiki kwenye transkripti. Kwa hiyo usikimbilie kujiandikisha siku ile ile matokeo yanapotoka. Anza kwa kujua chuo unachokwenda kuomba kinahesabu vipi somo lililorudiwa.

Kuna hali ambazo hazina mjadala. D na F lazima urudie, na programu nyingi za uuguzi haziipokei C- pia, kwa sababu sharti lao ni C kamili au zaidi. Vilevile programu nyingi zinataka masomo ya sayansi yawe yamesomwa ndani ya miaka 5 au 7 iliyopita. Aliyepata A miaka 9 nyuma anaweza kulazimika kuanza upya sawa na aliyefeli. Kichwa kinauma kwenye C, na wakati mwingine kwenye B.

Chagua programu tatu ambazo kweli utaziomba. Kwa kila moja tafuta kwa maandishi: je, inachukua alama ya juu, ya mwisho, au wastani wa zote? Inaruhusu kujaribu somo la sayansi mara ngapi? W, yaani alama ya kujiondoa kwenye somo, inahesabiwa kama jaribio? Je, somo ambalo bado unalisoma siku ya kuomba linakubalika? Usipoyaona kwenye ukurasa wa masharti, mwandikie mshauri wa programu ya uuguzi yenyewe kwa barua pepe, na jibu lake ulihifadhi. Mshauri wa jumla wa chuo anajua sheria za chuo chake, lakini za uuguzi hubadilika na mara nyingi hazimfikii.

Ukishapata majibu, shika kalamu upige hesabu. Tuseme una masomo manne ya krediti 4 kila moja: Anatomia na Fiziolojia I una C, ya II una B, Mikrobiolojia B, Kemia A. Kwa kipimo cha A=4, B=3 na C=2, una pointi 48 kwa krediti 16, yaani GPA (wastani wa alama) ya sayansi 3.0. Rudia ile C upate A. Programu inayochukua alama mpya peke yake itaona pointi 56 kwa krediti 16, sawa na 3.5, na hiyo ni tofauti ya kuingia au kubaki nje. Inayohesabu zote mbili itaona 64 kwa krediti 20: 3.2. Sasa tuseme umerudia ukapata B, si A. Kwa wastani wa zote ni pointi 60 kwa krediti 20, yaani 3.0 ile ile. Umelipa ada, umetumia muhula mzima, na hujasogea hata hatua.

Angalia hapo jambo ambalo wengi hawalioni. Programu ikihesabu majaribio yote, A mpya ina uzito ule ule itoke kwenye somo la kurudia au kwenye somo jipya. Kama inahesabu sayansi zako zote na si yale masomo ya sharti tu, ni afadhali uchukue somo la sayansi ambalo hujalisoma, Jenetiki kwa mfano. GPA inapanda vile vile na hakuna alama ya kurudia kwenye rekodi yako. Kumbuka pia kwamba NursingCAS, mfumo wa maombi unaotumiwa na programu nyingi za shahada, unahesabu kila jaribio, hata kama chuo chako kilishaiondoa alama ya zamani kwenye GPA yake.

California ina mlango wake. Kwenye vyuo vya miaka miwili vya umma, somo ulilopata C au zaidi kwa kawaida huruhusiwi kulirudia kabisa. Kurudia ni kwa D, F au kutofaulu, isipokuwa muda mrefu umepita. Na programu kadhaa za uuguzi huko hupima pia ni mara ngapi umerudia Anatomia, Fiziolojia na Mikrobiolojia. Mtu huona rafiki yake wa jimbo jingine karudia akafanikiwa, naye akapanga vivyo hivyo, kumbe mlango umefungwa tangu mwanzo.

Jingine la mpangilio: kama umepata C kwenye sehemu ya I na unafikiria kurudia, amua kabla ya kujiandikisha sehemu ya II. Vyuo vingine havikuruhusu kurudi somo la chini ukishafaulu la juu yake. Na utazame tarehe. Maombi yakifungwa Februari, alama ya muhula unaoisha Mei haitasaidia mwaka huo.

Kwa upande wa pesa, msaada wa serikali kuu unaoombwa kwa fomu ya FAFSA hukulipia kurudia somo ulilofaulu mara moja tu, na hapo C ni kufaulu. Krediti za kurudia na za W zinaingia kwenye hesabu ya ulizojaribu, na vyuo vingi vinataka umalize walau asilimia 67 ya hizo ili msaada usikatwe. Aliye na viza ya mwanafunzi, F-1, awe mwangalifu zaidi: somo la mtandaoni linalohesabika kwenye muhula kamili ni moja tu, na kuacha somo ukashuka chini ya krediti 12 bila idhini ya ofisa wa wanafunzi wa kigeni kunaweza kukuvunjia hadhi yako ya viza.

Kwa mwenye C moja, B kadhaa, na programu inayokokotoa wastani wa majaribio yote, ushauri wetu ni kuacha kurudia na kuipeleka nguvu kwenye TEAS, mtihani wa kuombea nafasi ya uuguzi, kama programu inautumia. Una maswali 170. Sayansi ndiyo sehemu yenye mengi zaidi, maswali 50 kwa dakika 60, na katika 44 yanayohesabiwa, 18 ni anatomia na fiziolojia. Alama yake haigusi GPA, ila kwenye programu zinazojumlisha pointi huweza kuziba pengo la ile C.

Ukiamua kurudia, jua kwanza C ilitoka wapi. Omba kuona mitihani yako ya zamani, au angalau mgawanyo wa alama kwenye mfumo wa chuo: ulipoteza kwenye mitihani ya nadharia au ya maabara? Dawa zake hazifanani.

Mtihani wa maabara ni vituo. Mezani kuna mfupa au kiungo kimechomwa pini, una kama dakika moja, unaandika jina, kengele, unasogea. Wengi wetu wanalijua jibu lakini wanalikosa kwa herufi. “Ileum” ni sehemu ya mwisho ya utumbo mdogo. “Ilium” ni mfupa wa nyonga. Kwa sikio ni neno moja, na walimu wengi hawatoi pointi ukikosea. Kukariri kwa kutazama picha hakutoshi. Andika kila jina kwa mkono, ukiwa umefunika kitabu, mpaka herufi zitoke bila kufikiri.

Nadharia inataka uweze kueleza kitu kinavyofanya kazi. Chukua karatasi tupu, chora utando wa seli, kisha eleza kwa sauti, kwa Kiswahili: pampu inatoa sodiamu tatu nje, inaingiza potasiamu mbili ndani, na ATP moja, nishati ya seli, imetumika, na hilo linasaidia ndani pabaki na chaji hasi. Ukikwama katikati, hapo ndipo hukuelewa, hata kama ukurasa ulishaupigia mstari. Ukishaeleza bila kukwama, rudia kwa Kiingereza cha mtihani.

Somo la krediti 4 linahitaji saa 8 hadi 12 za kujisomea kila wiki, mbali na darasa na maabara. Kwa anayefanya CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, zamu za usiku nyumba za wazee, saa hizo hazitapatikana bila kupunguza zamu, tena tangu wiki ya kwanza. Toleo la wiki 8 la kiangazi hubana mzigo wote huo kwenye nusu ya muda. Kwa somo unalolirudia na bado una kazi ya kutwa, liache. Andika kwenye kalenda tarehe mbili: ya mwisho kutoka bila W, na ya mwisho kutoka kwa W. Fanya kila njia mtihani wa kwanza uwe umesharudishwa kabla ya hiyo ya pili, na kama alama yako iko chini ya ile ya muhula uliopita, nenda ofisini kwa mwalimu wiki ile ile.