Madeni Yaliyolala na Kibali cha Usalama Marekani

Ukishapata uraia wa Marekani, kuna kazi zinazokufungukia: vitengo nyeti vya jeshi, idara za serikali kuu, makampuni yenye mikataba ya ulinzi. Nyingi zinadai kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kuona siri za serikali. Wenzetu huhangaikia rekodi ya polisi, wakasahau kwamba madeni ni miongoni mwa sababu kubwa za watu kunyimwa kibali.

Wachunguzi wanafuata mwongozo uitwao SEAD 4, ulioanza kutumika Juni 2017. Kati ya vipengele vyake 13, fedha ni kipengele F. Wanaogopa kwamba mtu aliyebanwa na madeni anaweza kurubuniwa auze siri, na kwamba asiyetimiza ahadi za fedha huenda asizitimize kanuni za kutunza siri pia. Hakuna kiasi kilichowekwa kwamba ukikipita umeanguka. Wanaangalia deni lilitokana na nini, na wewe ulifanya nini baada ya hapo.

Maswali yenyewe yako kwenye SF-86, fomu unayoijaza ili uchunguzwe kwa ajili ya kibali, sehemu ya 26. Unaulizwa kama katika miaka 7 iliyopita umechelewesha deni kwa zaidi ya siku 120, kama bili yako imepelekwa kwa kampuni ya kukusanya madeni, kama mshahara wako umewahi kukatwa kwa lazima, na kama ulishindwa kuwasilisha ritani ya kodi au kulipa kodi. Madeni uliyodhamini yamo pia. Tuseme ulimwekea binamu yako saini ya mkopo wa gari. Akaacha kulipa, gari likachukuliwa, likauzwa mnadani, salio likabaki. Hata kama hukuwahi kuliendesha, deni hilo ni lako na lazima uliandike.

Na uliandike kweli. Ukidanganya kwa makusudi kwenye fomu hii ni kosa la jinai linaloweza kukupeleka gerezani hadi miaka 5. Hata usiposhtakiwa, umejifungulia kipengele kingine, cha mwenendo binafsi, na kwa maoni yangu hicho ni kigumu kukitetea kuliko deni lenyewe. Hospitali ikikudai, unaweza kueleza; ukiificha bili hiyo, utaeleza nini?

Kwa hiyo kabla hujagusa fomu, chukua ripoti zako za mikopo kutoka Equifax, Experian na TransUnion, kampuni zinazotunza rekodi za madeni ya watu. Zinapatikana bure kwenye AnnualCreditReport.com. Pitia kila mstari. Penye kosa, pinga kwa maandishi na utunze nakala. Penye deni halali, mpigie anayekudai mkubaliane kiasi unachokimudu kila mwezi. Makubaliano ya dola 50 yaliyolipwa mwaka mzima bila kukosa yana uzito kuliko kulipa lote kwa pupa baada ya mchunguzi kuuliza. Kodi nayo ni hivyo hivyo: wasilisha ritani zilizobaki, kisha omba IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, mpango wa kulipa kidogo kidogo.

Kupoteza kazi, ugonjwa, talaka au msiba vinazingatiwa, mradi uonyeshe kwamba hukukaa kimya. Kutangaza kufilisika hakukufungii mlango moja kwa moja. Lakini usitegemee kwamba deni limepitwa na muda wa kushtakiwa au limetoweka kwenye ripoti; hilo peke yake halionyeshi kwamba ulijitahidi kulipa.

Tunza pia risiti za pesa unazotuma nyumbani. Fomu hiyo hiyo inauliza kama umewahi kumsaidia kifedha mtu asiye raia wa Marekani, na mchunguzi akiona bili zimelala huku pesa zinavuka mpaka kila mwezi, atakuuliza. Mjibu wazi: unamtumia nani, kiasi gani, kwa sababu gani.

Kibali ukishakipata, ukaguzi hauishi. Rekodi za fedha hufuatiliwa kila wakati, na tatizo jipya unapaswa kuliripoti mwenyewe. Ikikujia barua ya kueleza sababu za kutaka kukunyima, usiiweke kando: mfanyakazi wa kampuni yenye mkataba wa ulinzi kwa kawaida hupewa siku 20 kujibu, na anaweza kuomba asikilizwe mbele ya jaji. Jibu kila dai kivyake, na uambatanishe risiti.