Namna ya Kulitafsiri Neno "Anon" kwa Jukwaa la Kiswahili

Mwanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa hapa Bagamoyo, anayejaribu kumleta Shakespeare jukwaani kwa Kiswahili, hachelewi kukutana na neno "anon". Kamusi nyingi zitamwelekeza kwenye "punde". Kabla hajaliandika, na atazame kwanza asili yake: katika Kiingereza cha kale yalikuwa maneno mawili, "on" na "ān", na hilo la pili lina maana ya "moja", kwa hiyo neno zima lilimaanisha papo hapo, pasipo kituo. "Mara moja" yetu imejengwa juu ya namba iyo hiyo, nayo ndiyo tafsiri ifaayo kwa maandishi ya kale zaidi.

Kufikia karne ya 16, hata hivyo, neno lilikuwa limelegea, kwa kuwa wanaoitwa hujibu upesi kuliko wanavyoinuka. (Neno "soon" nalo lilianza kwa maana ya papo hapo, likaishia pale pale.) Katika sehemu ya kwanza ya "Henry IV", Francis, mhudumu wa kilabu cha pombe mjini London, anazuiwa kwa mazungumzo na mwana wa mfalme huku rafiki wa mwana huyo wa mfalme akimwita kutoka chumba kingine kwa makusudi, naye hana la kusema ila "Anon, anon, sir". Ukitafsiri "Mara moja, bwana", utani wote umekwisha. Andika "Naja bwana, naja!", jibu analolifahamu kila aliyewahi kuagiza chai mkahawani, akijua fika kwamba birika bado halijainuliwa. Juliet naye, anapoitwa na yaya wake usiku ule anaozungumza na Romeo, hutumia neno hilo hilo ili apate muda; na kwa kuwa ni binti anayemwitikia mlezi wake, mimi ningemwekea "Abee, naja!"

Ukiwa na shaka, hesabu mistari inayopita kati ya jibu na tendo. Msemaji akiondoka pale pale, "mara moja" inafaa. Akiendelea kuzungumza, chagua "naja" au "sasa hivi", ambayo kwetu nayo hunyumbulika vya kutosha. "Ever and anon" ni "mara kwa mara" tu. Na "Anon." yenye nukta chini ya shairi haihusiani kabisa na neno hili, bali ni ufupisho wenye asili ya Kigiriki unaoonyesha kwamba mtunzi hajulikani.