SOMO: Kupanda fito za mpopla kando ya Rio Grande (shimo lisipofika majini, umepoteza muda wako)

Wakuu, salaam. Wengi mmeniuliza inbox kuhusu miti ya mpopla tunayopanda hapa Albuquerque, jimbo la New Mexico. Naandika mara moja, tusirudierudie.

Kwanza muuelewe mto wenyewe, Rio Grande. Huku majira ya kuchipua si masika yetu, mvua hakuna. Mji mzima hupata kama milimita 230 kwa mwaka. Mafuriko ya Mei na Juni hutokana na theluji inayoyeyuka kwenye milima ya kaskazini, hasa Colorado. Mpopla wa huku (Populus deltoides, wanaosema Kihispania huuita álamo) umejipanga na ratiba hiyo. Unamwaga mbegu zake zenye pamba wakati maji yanaanza kushuka. Mbegu hizo huishi wiki moja au mbili tu, na zinataka tope tupu, bichi, lisilo na kivuli. Halafu maji ya chini ya ardhi yashuke polepole, si zaidi ya sentimita 2.5 hivi kwa siku, mzizi uweze kuyafuata. Yakishuka haraka, mche unakauka.

Bwawa la Cochiti, lililo juu yetu kwenye mto huu, lilianza kazi mwaka 1973, na tangu hapo mto umefungwa lijamu. Mipopla mikubwa mnayopiga nayo picha za harusi, mingi ni mazao ya mafuriko ya 1941 na 1942. Ni wazee bila wajukuu. Kwa hiyo sisi tunafanya kwa mkono kazi iliyokuwa ya mto.

1. Kata fito wakati mti umelala. Januari hadi mwanzo wa Machi, kabla ya macho kufumuka. Omba ruhusa kwa wanaosimamia eneo, usijikatie tu. Chagua fito zilizonyooka, mita 3 hadi 5, unene wa shina kama sentimita 5 hadi 8. Ondoa matawi ya pembeni, bakiza ya kileleni.

2. Loweka. Sehemu ya chini ikae majini siku 7 hadi 14. Mtaro au pipa, vyote sawa. Usiache fito juani hata saa moja.

3. Tafuta maji. Hapa ndipo watu wanapofeli, na mimi nilifeli. Mwaka wangu wa kwanza nilipima kina mwezi Mei, mto umejaa. Nikachimba mita moja na robo, nikakuta tope, nikafurahi. Fito zote zikatoa majani mazuri. Kufikia Agosti maji yalikuwa yameshuka chini ya ncha za fito, na majani yakageuka kahawia ndani ya siku chache. Karibu zote zilikufa.

Kwa hiyo pima mwishoni mwa kiangazi, maji yakiwa chini kabisa, ndipo upande majira ya baridi yanayofuata. Zamisha bomba la plastiki lenye matundu, shusha kamba yenye uzito, soma kina. Kama maji yako mita 2 mwezi Septemba, shimo lako lipite mita 2. Tumia kekee ya udongo. Kwa sepetu utachoka bure.

4. Panda siku hiyohiyo unayozitoa fito majini. Fito iguse chini kabisa. Rudisha udongo kidogo kidogo huku ukimwaga maji, uwe uji mzito, usibaki uwazi wa hewa. Uwazi huo huua mizizi kimyakimya.

5. Zungushia wavu wa waya. Biva, yule mnyama mkata miti, atakushukuru sana usipofanya hivyo.

Mierebi midogo ya ukingoni ni rahisi zaidi: fito za unene wa kidole, nyingi, karibu karibu, nazo zifike majini.

MASWALI (mwanzoni ni mji wa muulizaji)

Phoenix: Naweza kupanda uani kwangu? Mke wangu anachukia ile pamba.
Pamba hutoka kwa mti jike. Kata fito kwa mti dume, utakaopata utakuwa dume pia. Ila uwe mbali na msingi wa nyumba na bomba la maji taka, maana mizizi yake inatafuta maji kama mlevi. Porini tunachanganya dume na jike makusudi.

Dallas: Mkuu, nimesikia mnang'oa mikwaju huko. Kwa nini mung'oe mti wa Ibrahimu?
Hahaha. Biblia yetu ya Kiswahili inasema alipanda mkwaju Beer-sheba, lakini mti wenyewe ni tamarisiki, si huu wa kutengenezea juisi. Uliletwa Marekani kutoka Ulaya na Asia. Unamwaga mbegu kiangazi chote, hivyo mto usipofurika Mei, wenyewe unasubiri mvua za Julai na kuchukua nafasi. Majani yake pia hudondosha chumvi. Lakini usiung'oe kama huna fito za kuziba pengo; kuna ndege wanaotaga humo.

Hola: Kwetu mto Tana, Kenya, kuna mti wa ukoo huo, wazee walichonga mitumbwi. Siku hizi machipukizi haba.
Huo ni Populus ilicifolia, ndugu wa huu. Nao unaotea kwenye mchanga mpya ulioachwa na mafuriko, na Tana ina mabwawa juu, Masinga likiwa tangu 1981. Angalieni kingo zilizo wazi mara maji yanaposhuka. Mkiona miche, zuieni mifugo hapo kwanza, kabla ya kufikiria kupanda.

Albuquerque: Fito zangu za Februari hazijachipua, na leo ni Aprili 20. Ning'oe?
Usiguse. Kwaruza ganda kwa ukucha. Ukiona kijani, subiri hadi mwisho wa Mei.