Kuona ERK iliyoamka kwa kingamwili, hatua kwa hatua

Kipimo hiki ni western blot: protini za seli hutenganishwa kwenye jeli, huhamishiwa kwenye utando, kisha kingamwili huitafuta moja na kuionyesha kama mstari. Ukipata utando mtupu usio na mstari hata mmoja, usikimbilie kuagiza kingamwili nyingine. Mara nyingi kosa lilishatendeka jana yake, dakika chache baada ya seli kutoka kwenye inkubeta. ERK, protini inayopeleka ishara za ukuaji ndani ya seli, huamka ikibandikwa fosfeti mbili, kwenye asidi amino zake mbili, threonini ya 202 na tairosini ya 204, na kingamwili ya ERK iliyoamka hushika hapo tu. Seli ikipasuliwa, vimeng'enya vyake vya fosfatasi huanza kuzing'oa. Zikishang'oka, hakuna kingamwili itakayokusaidia.

Hatua ya 1. Zinyime seli seramu usiku kucha. Kisahani cha kwanza kiache hivyo. Cha pili kitie EGF, kichocheo cha ukuaji kinachoiamsha ERK, nanogramu 100 kwa mililita, kwa dakika 5 hadi 10. Cha tatu kitangulizie U0126, maikromola 10 kwa nusu saa, ndipo utie EGF. U0126 huizuia MEK, kimeng'enya ambacho ndicho huibandika ERK fosfeti na kuiamsha.

Hatua ya 2. Hapa ndipo kazi ilipo. Kabla muda wa EGF haujaisha, barafu, maji ya kuoshea na bafa ya kupasulia viwe vimeshapoa. Bafa iwe na floridi ya sodiamu milimola 10 na othovanadeti ya sodiamu milimola 1, vya kuzuia fosfatasi, vyote vitiwe siku hiyohiyo. Visahani juu ya barafu, mwaga, osha haraka, tia bafa, kwangua. Niliwahi kuviacha mezani ili nipokee simu, na kazi ya wiki nzima ikapotea. Tangu siku hiyo simu yangu haiingii chumba cha seli.

Zungusha kwenye sentrifyuji yenye baridi, pima protini, changanya na bafa yenye SDS (sabuni inayokunjua protini), chemsha nyuzi 95 kwa dakika 5. Sasa fosfatasi zimekufa, unaweza kupumua.

Hatua ya 3. Jeli ya asilimia 10, mikrogramu 20 kila kisima, kisha hamishia kwenye utando wa plastiki ya PVDF uliolowekwa kwanza kwenye methanoli.

Hatua ya 4. Funika utando kwa albumini ya ng'ombe, asilimia 5 ndani ya TBST (bafa ya chumvi yenye sabuni kidogo), saa moja. Maziwa ya unga ni ya bei nafuu na yanafaa kwa kingamwili nyingi, lakini kazeini yake imebeba fosfeti, kwa hiyo kwa kazi hii siyatumii.

Hatua ya 5. Kingamwili ya kwanza, ile ya ERK iliyoamka, izimuliwe 1 kwa 1000 au 1 kwa 2000, nyuzi 4, usiku kucha kwenye kitikisio. Osha mara tatu, dakika tano tano. Ya pili, inayoshika ile ya kwanza na yenye peroksidasi, kimeng'enya cha kutoa mwanga, saa moja. Usiweke azidi ya sodiamu kwenye hii ya pili: itaizima peroksidasi, nawe hutaona mwanga wowote.

Tafuta mistari miwili, kilodaltoni 44 na 42.

Hatua ya 6. Vua kingamwili, kisha upime ERK yote, iliyoamka na iliyolala. Watu huruka hatua hii, nami sikubali matokeo yasiyo nayo, kwa kuwa mstari mzito huenda umetokana na protini nyingi kisimani tu. Kwenye kisima cha U0126, ERK yote ibaki sawa na visima vingine huku iliyoamka ikififia kabisa.

Mstari ukiwaka hata kwa seli zilizonyimwa seramu, angalia kwanza ni seli gani. A375, kwa mfano, seli za saratani ya ngozi, zina badiliko la jeni ya BRAF liitwalo V600E, na ERK yake hukesha.