Somo: asilimia 10 ya bioanuwai kwa anayejenga England

Kila wiki napigiwa simu kwa jambo hili hili, sasa naliandika mara moja. Sheria hii ya kuongeza bioanuwai (wingi wa mimea na viumbe hai), Biodiversity Net Gain, ni ya England tu; Wales na Scotland wana taratibu zao. Ilianza 12 Februari 2024 kwa miradi mikubwa, 2 Aprili kwa midogo. Ukijenga, thamani ya uoto na makazi ya viumbe lazima iizidi ya awali kwa asilimia 10 au zaidi.

1. Hakikisha inakuhusu. Kuongeza chumba kwenye nyumba unayoishi hakumo.

2. Mwite mwanaikolojia (mtaalamu anayepima uoto na makazi ya viumbe) KABLA hujagusa kiwanja. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilisimamia kiwanja cha mteja, nusu hekta, nyasi zimefika kiunoni na maua ya njano na zambarau humo ndani. Nikakodi trekta, nikafyeka na kupalua, nikiamini namrahisishia mpimaji. Alikuja akakuta udongo mtupu, akatoa simu, akanionyesha picha za angani za kiwanja kile kile kikiwa kijani. Kilichoharibiwa bila kibali cha ujenzi tangu 30 Januari 2020 huhesabiwa kana kwamba bado kipo, na kwa thamani ya juu inayoungwa mkono na ushahidi uliobaki. Thamani hupimwa kwa uniti: hekta × alama ya aina ya uoto × alama ya hali yake. Nyasi duni zilizochoka: 0.5 × 2 × 1, uniti 1. Nyasi zenye maua ya asili, hali ya wastani: 0.5 × 4 × 2, uniti 4. Tulijipangia 1, tukaandikiwa 4, yaani tulitakiwa kufikisha 4.4. Tafadhali, usifyeke. Usichome. Usimwage kifusi. Na upimaji wa nyasi ufanyike majira ya maua, si Desemba.

3. Jaza kikokotoo cha serikali. Kwanza epuka kuharibu, kisha ongeza ndani ya kiwanja, kisha nunua uniti nje. Krediti, yaani fidia unayoilipa serikali pasipo na uniti za kununua, ni za mwisho: kila uniti unayopungukiwa, unanunua krediti mbili.

4. Peleka mpango wa nyongeza halmashauri. Kibali peke yake hakikuruhusu kuanza. Mpango upitishwe kwanza.

5. Matunzo ya uoto ulioongeza ni miaka 30. Yawekee bajeti leo.

MASWALI

— Kaka, naongeza jiko nyuma ya nyumba, nami nimo?
Hatua ya 1.

— Fundi kaniambia nitundike viota vya ndege ukutani, asilimia itatimia.
Haitimii. Tundika, ndege watafaidi, lakini kikokotoo hakihesabu viota.

— Mbona unatutisha? Mimi nilishafyeka na hakuna aliyeuliza.
Simtishi mtu, nasema kilichonipata. Tafuta picha zako za zamani za kiwanja, mkabidhi mwanaikolojia, mweleze ukweli.

— Shikamoo kaka. Nyasi za maua tulizopanda zimemezwa na majani marefu. Tumekosea wapi?
Marahaba, dada. Swali zuri sana. Bila shaka mliweka udongo wenye rutuba. Maua haya hutaka ardhi maskini. Pakiwa na mbolea, nyasi kali huyafunika. Msitie mbolea, na mkifyeka mwishoni mwa kiangazi, majani yaliyokatwa myaondoe yote. Kisha vuli mkwaruze ardhi hadi udongo uonekane, mnyunyize mbegu za Rhinanthus minor, mmea mdogo wa maua ya njano. Mizizi yake hunyonya mizizi ya nyasi na kuzidhoofisha. Mbegu ziwe za mwaka huo huo, na lazima zipitie baridi ndiyo zichipue.

— Nitajuaje zimekomaa, nivune za mwakani?
Tikisa shina. Zikilia kama kayamba, vuna.