Somo: Namna ya kutembelea makumbusho ya reli, na kwa nini uanze kwa kuinama

Wengi tukiingia makumbusho ya reli tunafanya mambo matatu: picha mbele ya injini kubwa, kupanda chumba cha dereva, kutoka. Ukituuliza getini ile injini ilikuwa ikivuta nini, na kwa nini ilijengwa vile, tunabaki kutazamana. Nilifanya hivyo kwa miaka, mpaka mzee mmoja mstaafu wa reli aliponikuta nashangaa bomba la moshi. Akanishika bega na kuniinamisha kwenye magurudumu. Somo hili linatokana na kuinama kule.

Hatua ya 1: Chagua njia kabla ya kuchagua jumba

Usianze kwa kuuliza makumbusho gani ni makubwa. Chagua njia moja ya reli, kisha ujiulize: ilijengwa ibebe nini? Makaa ya mawe, pamba, watalii, askari? Reli ya Talyllyn huko Wales, kwa mfano, ilijengwa kuteremsha mawe ya kuezekea kutoka machimboni. Ukishajua hilo, udogo wa injini zake haukushangazi tena. Swali moja la namna hiyo litakuongoza kuliko mabango yote ya ukutani.

Hatua ya 2: Uliza siku, siyo saa za kufungua tu

Hapa nimewahi kuumia. Nilisafiri siku nzima kuona injini moja, nikakuta banda lake limefungwa kwa matengenezo ya paa. Tangu hapo nauliza mambo mawili: je, kitu ninachokifuata kipo na kinaonekana, na je, kuna siku injini inawashwa moto? Siku ya moto ni jambo jingine kabisa. Jitahidi kufika mapema, kwa sababu boila kubwa (tangi la kuchemshia maji) iliyopoa huchukua saa nyingi kupata mvuke, na kazi yenyewe huonekana wakati huo: kupaka mafuta, kuondoa majivu, kugonga vyuma na kusikiliza.

Hatua ya 3: Inama

Hesabu magurudumu ya upande mmoja, zidisha kwa mbili. Andika kwa mafungu matatu: madogo ya mbele, makubwa yanayosukumwa na pistoni, madogo ya nyuma. Injini yenye manne, sita na mawili inaandikwa 4-6-2. Madogo ya mbele huiongoza injini kwenye kona. Ya nyuma mara nyingi hubeba uzito wa tanuru pana.

Sasa pima kwa macho yale makubwa. Gurudumu kubwa maana yake ni mwendo, kwa kuwa kila mzunguko hula umbali mrefu. Gurudumu dogo maana yake ni nguvu. Mallard, injini iliyoko York nchini Uingereza, ina magurudumu yenye kipenyo cha zaidi ya mita 2. Ndiyo iliyokimbia kilomita 203 kwa saa tarehe 3 Julai 1938, na hakuna injini ya mvuke iliyothibitishwa kuipita hadi leo. Linganisha na injini za aina ya Garratt, daraja la 59, zilizohifadhiwa Nairobi. Magurudumu yake hayafiki hata mita moja na nusu, lakini injini yenyewe ina takriban tani 250, na ilikuwa ikipandisha mizigo kutoka pwani hadi nyanda za juu kwenye reli yenye upana wa mita moja tu.

Ukiwa mbele ya Garratt usiondoke haraka. Ni kama injini mbili zilizobeba boila moja katikati kama machela. Kila upande una magurudumu na silinda zake, na unapinda peke yake kwenye kona. Kwa kuwa chini ya boila hakuna magurudumu, tanuru liliweza kuwa pana na la kina. Na uzito umegawanywa kwenye ekseli nyingi (vyuma vinavyounganisha gurudumu la upande huu na la upande wa pili), kwa hiyo reli nyepesi haikupasuka. Nchi yenye milima, kona kali na reli nyembamba ilipata hapo jibu lake. Ndiyo maana utazikuta Afrika na Australia kuliko kwenye tambarare za Ulaya.

Halafu tazama umbali kati ya reli na reli. Milimita 1,435 ndiyo kipimo kilichoenea zaidi duniani, 1,067 utakikuta kusini mwa Afrika na Japani, 1,000 Afrika Mashariki na sehemu za Asia, 1,520 Urusi na majirani zake, 1,676 India. Vipimo viwili vikikutana mjini, jua hapo palikuwa na jasho la kuhamisha mizigo.

Hatua ya 4: Tafuta bamba

Ubavuni mwa injini kuna bamba la shaba au chuma lenye jina la kiwanda, namba na mwaka. Namba hiyo ni ya kiwanda, siyo ile iliyochorwa na shirika la reli, iandike. Ukifuata mabamba, makumbusho huanza kuzungumza yenyewe kwa yenyewe. Garratt za Nairobi zilitoka Beyer Peacock, Manchester, mwaka 1955 na 1956. Kiwanda hichohicho ndicho kilichojenga Garratt ya kwanza kabisa, K1, mwaka 1909, ikaenda Tasmania. Baadaye K1 ilirudi Uingereza na imewahi kuvuta mabehewa milimani Wales. Kiwanda chenyewe kilifungwa miaka ya 1960, na watoto wake wametapakaa duniani.

Soma pia kama kitu ni cha asili au nakala. Adler, injini iliyofungua reli ya kwanza ya mvuke Ujerumani mwaka 1835, haikuhifadhiwa. Inayotembea leo ni nakala iliyojengwa 1935. Rocket, injini ya Kiingereza ya mwaka 1829, ipo, ila imebadilishwa sana, na wengi hupita bila kuitambua wakitafuta ile ya rangi ya njano waliyoiona kwenye picha. Nakala siyo udanganyifu, mradi uambiwe.

Hatua ya 5: Vitu vidogo

Usiruke makabati ya vioo. Tiketi ngumu za kadi, zenye namba mfululizo, zilibuniwa na Thomas Edmondson, mtu wa stesheni nchini Uingereza, akichoka kuandika kila tiketi kwa mkono. Tokeni, ile fimbo au sahani ya chuma, ilikuwa ruhusa ya dereva kuingia kwenye kipande cha njia moja inayotumiwa na treni za pande zote mbili. Bila kuishika mkononi hakwendi mtu, na hivyo treni mbili hazikukutana uso kwa uso. Na saa! Kabla ya reli kila mji ulikuwa na saa yake. Soko la zamani la nafaka Bristol bado lina saa yenye mikono miwili ya dakika, mmoja wa mjini, mwingine wa London, ikipishana dakika kumi.

Hatua ya 6: Toka nje uifuate njia

Wengi huishia getini. Mimi naona hapo ndipo nusu ya pili inaanza. Chukua ramani ya setilaiti, tafuta mstari mpole unaokata mashamba bila kona za ghafla. Barabara hupanda kilima. Treni haipendi kupanda, kwa hiyo huacha tuta bondeni na mfereji mkavu pale kilima kilipokatwa. Tafuta nguzo za daraja zisizo na daraja, na minara ya maji: injini ya mvuke ilikunywa maji mengi kuliko makaa iliyokula, na miji kadhaa ilizaliwa pale ilipokunywa.

Njia nyingine bado ziko hai. Semmering ya Austria, iliyofunguliwa 1854, iliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1998. Darjeeling ya India ikafuata 1999. Hii ya pili, yenye upana wa milimita 610, hupanda mlima kwa kujizungusha na kurudi kinyumenyume badala ya kutoboa mahandaki. Panda, kaa upande wa ndani wa kona, utaiona injini yako mwenyewe.

Maswali ya wanachama

Mkuu, nina mtoto wa miaka sita. Atavumilia hizo namba zako?
Hatavumilia, na usimlazimishe. Mpe kazi moja: kuhesabu magurudumu. Akimaliza injini tano ameshajua zaidi ya watu wazima wengi mle ndani. Saa moja na nusu inamtosha.

Nilikuwa Mulhouse, Ufaransa. Injini niliyoihesabu 4-6-2 wao wameandika 231. Nani kakosea?
Hakuna. Wafaransa huhesabu ekseli, siyo magurudumu: mbili, tatu, moja. Wajerumani nao huandika ekseli zinazosukumwa kwa herufi, kwa hiyo tatu inakuwa C.

Namba ya kwenye chumba cha dereva na ile iliyogongwa kwenye vyuma vya magurudumu zilitofautiana. Ni feki?
Swali zuri sana, ndugu. Karakana zilikuwa zikibadilishana boila na vyuma ili injini isikae bure. Umeona alama ya maisha yake ya kazi. Muulize mhudumu, atafurahi kuulizwa hivyo.

Sielewi boila inavyofanya kazi hata nikisoma mabango.
Tafuta injini iliyopasuliwa ubavu. York wanayo moja, Ellerman Lines. Utaona mahali moto ulipokuwa ukipita ndani ya mirija, na mahali maji yalipokuwa yakiizunguka. Dakika tano pale zinatosha.

Kwetu hakuna makumbusho ya reli hata moja. Nifanyeje?
Anza hatua ya 6, kisha tafuta wastaafu. Usiwaulize historia, waulize zamu yao ilianza saa ngapi na walibeba nini mkononi. Wengine bado wana kitabu cha ratiba au taa ndani ya sanduku. Omba kupiga picha, usiombe kuchukua.

Naweza kutembea juu ya reli kupiga picha?
Kama treni bado inapita, hapana, hata kama wenyeji wanapita. Treni ya kisasa unaweza usiisikie mpaka imeshakufikia. Tafuta kivuko au daraja la juu, na stesheni uliza msimamizi kwanza. Njia iliyong'olewa ni sawa, lakini uliza ardhi sasa ni ya nani.